Breki ya Kandambili

Daktari Rwechungura aliandika neno moja tu
chini ya majina marefu ya vidonge:
Tembea.
Akalipigia mstari mara mbili
kama mwalimu aliyechoshwa na mtoto mmoja.

Basi Jumamosi, kabla jua halijapata makali,
naifunika cherehani shuka isinione naondoka,
naiacha Gongo la Mboto ikipiga mswaki,
napanda hadi Pugu.
Navuka reli, naupita mnada wa ng'ombe
na harufu yake inayokusindikiza bila kuombwa,
naingia msituni na chupa ya maji,
pipi mbili za dharura mfukoni,
na raba za mwanangu, zimenizidi saizi moja.

Huko ndiko ninakowakuta:
vijana wa baiskeli zenye springi mbele na nyuma,
kofia ngumu, glavu, magoti yamevikwa ngao,
na wakimbiaji wenye saa zinazowasimanga
ongeza mwendo, ongeza mwendo.
Wananiamkia vizuri. Sina neno nao.
Mmoja wao, Lukwaro, karani wa bandarini,
alinionyesha simu yake: njia yetu
imechorwa kama uzi mwekundu uliomponyoka fundi.
"Mteremko huu, mama, tunauita Joka.
Tuliugundua mwaka juzi."

Nikasema, Ahaa.
Mshonaji amezoea kufumba mdomo,
una pini.

Mteremko huu naujua ungali majani.
Kondo wangu aliupita miaka kumi na minne
na Swala ya chuma, magunia matatu ya mkaa,
mawili ubavuni, moja limelala juu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali,
saa tisa za usiku,
asikutane na wenye sare.
Sisemi alikuwa rafiki wa miti.
Msitu ulimjua kwa jina la mwizi;
nyumbani tulimwita ada ya shule.

Breki zilikufa mwaka wa kwanza.
Akawa akishuka anabana tairi la mbele kwa mguu wa kulia,
soli ikilia, moshi ukitoka,
na moyo wake, alinambia, uko mbele hatua kumi
unamsubiri kwenye kona.
Kila mwezi kandambili ya kulia ilikwisha,
ya kushoto bado ina mng'aro wa dukani.
Alipofariki nilikuta za kushoto tisa uvunguni.
Sijazitupa. Utatupaje kitu kizima?

Tazama chini, penye mwinuko:
njia hii ni mbili.
Mfuo mmoja wa gurudumu,
na kando yake mfuo wa nyayo za anayesukuma,
vimekwenda sambamba hadi juu
kama mke na mume walionuniana wakielekea msibani.
Hakuna mhandisi aliyeipima.
Masika yaliikuta ipo, yakaichimba zaidi.
Vijana hupita kwenye gurudumu.
Mimi napita kwenye nyayo,
udongo mweupe ukinipanda kifundoni kama unga wa jirani,
ndege ya asubuhi ikishuka juu ya matawi
karibu sana, naona mpaka matumbo ya magurudumu yake.

Jumamosi iliyopita Lukwaro alisimama kileleni
amenyong'onyea. Breki, mama, zimekata.
Nikamwambia: shusha mguu, mwanangu.
Wa kulia. Bana tairi kwa soli,
usibane kwa hasira, bana kama unayemshika mtoto anayetaka kukimbia.
Akacheka. Kisha akaona sichekí.
Akashuka.

Mlio ule.
Halafu harufu, mpira ulioungua,
ikapanda mteremko taratibu, ikanifikia
nimesimama katika mfuo wangu.

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi.
Akarudi mbio kwa miguu, amebeba kofia yake,
akadhani ni sukari.
Akachomoa pipi mfukoni mwangu, akaimenya,
akanipa.
Nikaila.